Vazi la Anayeruka na Vazi la Anayevuka

Mpwa wangu anayefanya kazi Dubai ameingia katika mchezo wa kuruka kutoka kwenye ndege kwa mwavuli, na hivi karibuni alinitaka ushauri kuhusu kununua vazi lake la kwanza. Nilimkumbusha kwamba mimi ni mwalimu wa siasa, si fundi cherehani. “Mjomba, isome kwanza fomu ya vipimo,” alinijibu, “kisha uniambie kama humo hamna siasa.”

Niliisoma. Mshonaji anataka urefu, kifua, kiuno, paja, urefu wa mkono na, juu ya yote, uzito. Vazi lenyewe halimwokoi mrukaji. Kinachomwokoa ni mwavuli. Kazi ya vazi ni kumsaidia kutawala mwendo wake kabla mwavuli haujafunguka. Mzito hushauriwa vazi pana, la kitambaa kinachokamata upepo, ili asiwatangulie wenzake. Mwepesi huchagua linalobana na kuteleza, asije akabaki juu. Wakipatia, watu wa miili tofauti huteremka pamoja kwa kasi ya takriban kilomita 200 kwa saa, hata wakashikana mikono angani. Usawa wao unatokana na kila mmoja kuvaa linalomfaa.

Fomu hiyo ingali mezani, nikapokea ombi la mchango kutoka kwa vijana wa kata ya Dimani, wilayani Kibiti. Walikuwa wakichangisha fedha za kununua majaketi okozi kwa ajili ya ndugu na jamaa wanaosafiri kwa mitumbwi na boti katika delta ya Rufiji. Orodha yao ya mahitaji ilikuwa na mstari mmoja tu: jaketi 40, bei ya moja, jumla. Hapakuwa na uzito wa mtu yeyote, wala neno “mtoto”.

Siwalaumu vijana hao. Wameiga mtindo ambao sisi wasomi na watumishi wa umma tumewazoesha: kuhesabu vitu kabla ya kuwatazama watu. Lakini katika delta maji ndiyo barabara. Kupitia mikoko hupita mjamzito anayekwenda kliniki, mvuvi, mfanyabiashara wa samaki na mtoto aliyepakatwa. Nyamisati wapo wanaopanda boti kwenda Mafia. Mafuriko ya mwaka 2024 yaliyozikumba Rufiji na Kibiti yaliwafikia hata wale ambao hawakuwa na safari.

Basi niliwaandikia vijana wale kama nilivyomwandikia mpwa wangu: anzeni na mwili. Jaketi la mtu mzima likivalishwa mtoto hupanda hadi masikioni, naye akachomoka chini. La mtoto lichaguliwe kwa uzito wake, liwe na ukosi wa kuinua kichwa na mkanda unaopita katikati ya miguu. Someni lebo. Jaketi lenye nguvu ya nyutoni 100, yaani mnyanyuo wa takriban kilo 10, limekusudiwa kumgeuza mtu mzima uso juu katika maji yaliyotulia. La nyutoni 50 ni la anayejua kuogelea na aliye karibu na msaada. Tazameni mishono na vifungo, filimbi na utepe unaoakisi mwanga. La sponji linawafaa kuliko la kujazwa gesi, kwa kuwa halina mtungi wa kukaguliwa. Kisha mtu alivae, aingie nalo majini penye kina kifupi, ndipo fedha zitolewe.

Delta hii inalijua swali la nani humchagulia nani vazi la hatari. Julai 1915, meli za Waingereza, Severn na Mersey, ziliingia humo kuishambulia manowari ya Kijerumani Königsberg, huku ndege zikiruka kutoka Mafia kuelekeza mizinga. Tarehe 11, siku manowari hiyo ilipoangamizwa, ndege mojawapo ilipigwa ikaanguka majini, na watu wake wawili wakanusurika. Marubani wa Uingereza wa vita ile hawakupewa miavuli, ingawa miavuli ilikuwapo na wapelelezi wa kwenye baluni walipewa. Uamuzi haukuwa wa anayeruka. Ulikuwa wa walioketi ofisini.

Miaka zaidi ya 100 imepita, na bado anayevuka hana sauti katika ununuzi wa kitu kinachobeba uhai wake. Mpwa wangu anapimwa paja kwa ajili ya mchezo wa mwisho wa juma. Mtoto wa delta hapimwi hata kifua kwa ajili ya safari asiyoweza kuikwepa. Hapo ndipo siasa ilipo: nani hupimwa, na nani huhesabiwa tu.

Ndugu msomaji, ikiwa wewe ni afisa ununuzi, dai safu ya uzito na umri katika zabuni ya majaketi. Ikiwa ni mwanaharakati, uliza idadi ya majaketi ya watoto kabla ya kupongeza makabidhiano. Na ikiwa ni mwanafunzi unayerejea likizo kwa boti, kabla ya nanga kung’olewa, funga mikanda ya jaketi lako, kisha mtazame mtoto aliye kando yako.