Utokako, Uendako

Kitabu cha wageni katika gesti zetu kinataka kujua mengi: jina, kabila, kazi, utokako, uendako. Hakina safu ya kuuliza kwa nini umekuja peke yako. Hilo huulizwa kwa macho, hasa mgeni akiwa msichana wa miaka ishirini na sita, hana mwenzake, na anataka kile chumba cha mwisho kabisa, nyuma ya mawe. Sote tunajua sifa za gesti. Mtu haendi gesti kutafuta utulivu. Amekwama safarini, au anajificha.

Mimi nilitaka kimya. Tulikuwa tumemzika baba Mbinga, na kwa siku arobaini nyumba yetu haikuwa na chumba kisicho na mtu. Shangazi na majirani walilala kwenye mikeka sebuleni. Walipika, walifua, walimshika mama mkono. Sijui tungeishije bila wao. Lakini msiba wetu hauna mlango wa kufunga. Ukinyamaza unaulizwa kama umekula, ukitoka nje unafuatwa. Nililia na watu wengi kiasi kwamba sikuwa na hakika kama nimewahi kumlilia yeye.

Halafu kulikuwa na shamba. Baba zangu wadogo walitaka jibu: lile la kahawa la mteremkoni liuzwe au libaki? Mimi ndiye mkubwa, tena nasoma shahada ya uzamili Dar es Salaam, kwa hiyo ilidhaniwa ninajua.

“Nyumba imejaa watu,” mama alisema nilipomuaga, “na wewe unakwenda kulipa hela ili ulale peke yako?” Nilipofika mlangoni akaongeza, “Basi rudi na usipa.”

Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ni kilomita 66 hivi, lami tupu siku hizi. Kabla ya lami, masika yalikuwa yanaamua kama utafika. Unaanza na sweta. Kwenye miteremko unaona ngoro, kilimo chetu Wamatengo: wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatizana, wanawake huzifukia kwa udongo wanaouchimba katikati, na mlima wote unabaki na mashimo kama sega la nyuki. Mvua ikinyesha, maji hutuama mashimoni badala ya kuondoka na udongo. Kisha barabara inaanza kushuka, masikio yanaziba, sweta inavuliwa, miembe inatokea, halafu ziwa. Mpaka mwaka 2012 huku chini na kule juu kulikuwa wilaya moja ya Mbinga. Sasa huku ni Nyasa.

Kimya nilichokilipia sikukipata usiku wa kwanza. Mwezi ulikuwa haujatoka, na usiku wa giza ndio usiku wa usipa. Wavuvi waliingia ziwani na taa zao, kumi, ishirini, nikaacha kuhesabu. Upepo ulileta sauti zao ufukweni, wanaitana, wanacheka, mmoja anaimba vibaya sana. Mzee mlinzi naye alikiona kitambaa changu cheusi. Hakuuliza kitu. Alihamisha kiti chake hatua kumi kutoka mlangoni kwangu, akanipa mgongo, akapunguza sauti ya redio. Alikaa hivyo usiku wote watatu.

Usiku wa pili nililifungua daftari la baba, ambalo nyumbani nisingeweza kulisoma bila vichwa vinne juu ya bega langu. Lilikuwa daftari la kahawa. Kilo alizopeleka chama cha msingi, vibarua, dawa, mbolea. Baba aliandika hadi bei ya kiberiti. Ila karibu kila mwaka, mavuno yakishaisha, kulikuwa na mstari usio na bei: “Ziwani. Siku 2.”

Tulipokuwa watoto tulijua baba amefuata usipa. Alirudi nao kweli, kwenye mfuko, na nyumba ilinuka wiki nzima. Ila usipa unauzwa Mbinga sokoni, dakika ishirini kwa miguu kutoka kwetu.

Nilifikiri ulichokifikiri wewe. Nilikaa kitandani nikimhesabia miaka, nikitafuta mwanamke katika kila mstari, au mtoto anayefanana na mimi akicheza kwenye mchanga wa huku. Ningeweza kumuuliza mlinzi. Nilitoka, nikasimama karibu na kiti chake, tukatazama taa. Nikarudi ndani. Huko ndani ndiko nilikomlilia baba, kwa hasira, bila mtu wa kunishika bega, na nilipomaliza nililala hadi jua lilipopanda.

Siku ya tatu nilimwandikia baba mdogo: shamba haliuzwi mwaka huu, tuvune kwanza. Daftari lilinionyesha kwamba mteremko ule ulimlipa hata miaka ambayo sehemu nyingine zilimtupa. Alijibu “Sawa” peke yake, na namjua, maana yake si sawa.

Kisha mama alipiga simu. Tuliongea habari za wageni waliobaki, habari za kuku. Halafu akauliza, “Umelala upande gani, wa bandarini au wa mawe?”

“Wa mawe.”

Alikaa kimya kidogo.

“Hata yeye,” alisema, kisha akaniuliza usipa wanauzaje.