Kikombe cha Mjomba

Katika nyumba moja ya Unionville, si mbali na bwawa la Toogood, kikombe cha mjomba kilioshwa peke yake tangu alipofichua kwamba anaishi na VVU. Aliyeanza ni bibi, mama yake mzazi. Hakukusudia ubaya, miaka ya 1990, huko Tanga, alizika wengi.

Alikuwa amefundishwa kuogopa “majimaji ya mwili”, maneno mapana yanayotia machozi na damu kapu moja. Lakini mate, jasho na machozi hayaambukizi. Virusi hupitia damu, shahawa, ute wa ukeni, majimaji ya njia ya haja kubwa na maziwa ya mama. Tena utafiti wa PARTNER wa Ulaya, uliochapishwa 2016 na 2019, haukupata hata mtu mmoja aliyeambukizwa kwa kujamiiana na mwenzi ambaye dawa zilikuwa zimefubaza virusi vyake.

Mjukuu, aliye muuguzi, hakuhubiri. Alikinyanyua kikombe cha mjomba, akamalizia chai iliyobaki.

“Bibi, mjomba anapenda sukari mno.”

Bibi alimtazama kimya. Usiku ule vikombe vyote vilioshwa katika beseni moja.