Kata, Kisha Tazama Tena

Hapa Lubaga sisi vijana kutoka Kongo tunarekodi mengi kwa simu: ngoma, mafunzo, na masimulizi ya safari. Video ndefu inakula bando, kwa hiyo tunaikata kabla ya kuwatumia wenzetu wa Nakivale.

Kompyuta yetu ya zamani inaganda kwa programu kubwa. Natumia FFmpeg, programu ya bure aliyoianzisha Fabrice Bellard mwaka 2000. Unaandika amri tu. Kwanza naangalia kipande:

ffplay -ss 95 -t 12 mama.mp4

Yaani anza sekunde ya 95, onyesha sekunde 12. Nikiridhika, nakata:

ffmpeg -ss 95 -i mama.mp4 -t 12 kipande.mp4

Ukiongeza -c copy, inakata haraka sana, maana inanakili tu. Lakini mtego uko hapo: inarudi nyuma mpaka picha kamili iliyotangulia. Sekunde ulizodhani umezitoa zinaweza kubaki ndani ya faili.

Kwa video ya harusi, si neno. Lakini mama mmoja aliniambia, "Mwanangu, pale mwanzo uso wangu unaonekana. Toa kabisa." Waliomfukuza kwao nao wana simu. Kwa video yake situmii -c copy. Nangoja, hata kompyuta ikichemka, halafu tunatazama kipande kizima, yeye pembeni yangu.

Ninyi mnaochukua video zetu kwa ajili ya ripoti, fanyeni hivyo pia. Mwenye uso aone kwanza.