Namba ya Tarakimu Ishirini na Moja

Iko namba moja ambayo haisomeki kwa pumzi moja, nayo ni hii: 147,573,952,589,676,412,927. Asili yake si ngumu. Mtu akiandika 2 mara 67, akazizidisha zote pamoja, kisha akatoa 1, ataipata.

Mwaka 1644 mtawa mmoja Mfaransa, Marin Mersenne, aliitaja miongoni mwa namba tasa, yaani zile zisizogawanyika sawasawa ila kwa 1 na kwa zenyewe. Hakutoa ushahidi. Na namba za ukoo huu ni wadanganyifu wakubwa. Mbili zikiwa 5, hupatikana 31, nayo ni tasa. Zikiwa 7, hupatikana 127, nayo ni tasa vilevile. Walakini zikiwa 11 hupatikana 2,047, nayo ni 23 mara 89. Hata hivyo neno la Mersenne lilisimama zaidi ya miaka 200, maana kulipinga kulitaka kazi kubwa mno.

Mwaka 1876 Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, alionyesha kwa njia ya werevu kwamba namba hii si tasa. La ajabu ni kwamba njia yake haikumwonyesha vigawo vyenyewe. Alikuwa kama mtu ajuaye hakika kwamba sanduku halikufungwa tupu, ila ufunguo hana.

Kuutafuta ufunguo huo si mchezo. Kuna kanuni ya kale isaidiayo: kila kigawo cha namba hii, kikigawanywa kwa 134, ambayo ni 67 mara mbili, lazima kibakize 1. (Msomaji na aijaribu kwa 2,047: 23 na 89, zikigawanywa kwa 22, zote hubakiza 1.) Basi mtafutaji angeanza na 135, kisha 269, kisha 403, na kuendelea hivyo. Angekipata kigawo cha kwanza katika jaribio la 1,445,580. Kama kila jaribio lingemchukua dakika 10, angemaliza baada ya miaka 27 na zaidi, bila kula wala kulala.

Frank Nelson Cole, mwalimu wa chuo kikuu cha Columbia katika New York, hakuzijaribu zote. Alibuni njia za kuzichuja. Oktoba 1903, katika mkutano wa chama cha wanahesabu wa Marekani, inasimuliwa kwamba alikwenda ubaoni asiseme neno. Upande mmoja alizidisha zile mbili 67 na kutoa 1. Upande wa pili aliandika 193,707,721 na 761,838,257,287, akazizidisha tarakimu kwa tarakimu. Majibu yakawa mamoja. Akarudi kitini kimya, na wenzake wakampigia makofi.

Alipoulizwa baadaye kazi ile ilimchukua muda gani, husemwa alijibu: Jumapili za miaka mitatu. Wako watakaosema kuwa Jumapili ni siku ya kupumzika. Labda kwake yeye hayo ndiyo yalikuwa mapumziko.

Siku hizi kompyuta huvipata vigawo hivyo viwili kabla mtu hajapepesa jicho. Lakini kuzihakikisha namba za Bwana Cole hakuhitaji mashine: karatasi pana, penseli iliyochongwa, na tarakimu zilizopangwa wima bila kupotoka zatosha kwa alasiri moja.