Baiti ya Kumi na Saba

Kwa miaka mingi kazi yangu Mwanza ilikuwa kutunza programu za mizani kwenye viwanda vya minofu. Sangara akishushwa, uzito wake hupita kwenye programu kabla haujawa pesa, na tajiri wa mtumbwi hasamehi hata kilo moja.

Kiwanda kimoja kilibadilisha seva, na kompaila ya GCC ikapanda kutoka toleo la 4.4 hadi 4.8. Programu yenyewe, iliyoandikwa kwa lugha ya C na fundi aliyenitangulia, haikuguswa hata mstari. Haikupita wiki, tajiri mmoja wa Ukerewe akaja na risiti: kilo 412 za samaki wake zimeandikwa 256. "Kijana, hizi nyingine zimeliwa na nani?" Mwenzake alipima kilo 187, risiti yake ikasoma sifuri.

Meneja akataka turudie kompaila ya zamani. Nikakataa. Ukifuta baiti ya chini ya 412 unabaki na 256; ukifuta ya 187 huna kitu. Kuna mahali sifuri ilikuwa inaandikwa pasipo pake, na huenda iliandikwa miaka yote bila kumdhuru mtu.

Kuinasa ndiko kulikonitoa jasho. Nikiongeza mstari wa kuchapisha uzito, kosa linatoweka, maana mpangilio wa kumbukumbu ya staki umebadilika. Valgrind, zana ya kunasa makosa ya kumbukumbu niliyoizoea, ilinyamaza. Yenyewe haichungi mipaka ya safu zilizo ndani ya staki. Nafuu ni kwamba GCC 4.8, ya mwaka 2013, ndiyo ya kwanza kuja na AddressSanitizer, ambayo huizungushia kila safu eneo la marufuku. Nikaijenga programu upya nayo, nikapitisha mapokezi ya siku ile, ikagoma kwenye mtumbwi wa yule mzee wa Ukerewe, uitwao Mola Ndiye Mlezi.

Hesabu herufi na nafasi zake: 16. Safu ya jina ilikuwa na baiti 16, na C hulifunga jina kwa sifuri, hivyo sifuri ikaangukia ya 17. Kompaila ya zamani iliacha pengo pale. Mpya iliweka uzito hapo. Mtumbwi uitwao Subira ungepima mwaka mzima bila tatizo, lakini ziwani kwetu watu huandika dua nzima ubavuni.

Nikaipanua safu, matajiri wakalipwa tofauti. Meneja alikuwa ameshamshauri mzee afupishe jina. Mzee akamjibu kwamba kama ni kupunguza, waanze na bei ya barafu.