Mwalimu Ambaye Hakuwahi Kuwa Mkuu wa Shule

Mwalimu wetu wa Jografia amezikwa Manyamanyama, katika kiwanja alichokinunua angali kazini na kukijenga kidogo kidogo kila mshahara ulipobakiza chochote. Maturubai hayakutosha. Watu walikaa chini ya miembe hadi kwa jirani, wengine wakasimama barabarani. Palikuwa na wauguzi waliotoka zamu wakiwa bado na sare, wachungaji, shehe, wakulima wa pamba wa Kabasa na Guta, na hakimu mstaafu aliyetoka Mwanza alfajiri. Wasifu wa marehemu ulipokwisha kusomwa, mpwa wangu, aliye kidato cha tatu, alinisogelea akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mjomba, kwani huyu mzee alikuwa na cheo gani?"

Wasifu ulikuwa umetaja shule tatu, mwaka wa kuajiriwa, mwaka wa kustaafu, watoto na wajukuu. Hakuwahi kuwa mkuu wa shule, wala ofisa elimu, wala diwani. Kijana aliyekua akisikia watu wakitambulishwa kwa vyeo vyao hakuona kilichouleta umati ule pale. Nilimwambia nitamweleza tukifika nyumbani. Nilimweleza, na naona si yeye peke yake anayestahili kuelezwa.

Cheti changu kinasema nilimaliza kidato cha nne mwaka 1984. Basi mwalimu alianza kutufundisha mwaka 1981 au mwanzoni mwa 1982. Sekondari za mkoa wa Mara wakati huo zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Mtoto wa Bunda aliyechaguliwa kwenda Musoma alisindikizwa stendi na ukoo mzima, na ndani ya sanduku lake la bati, chini ya shuka, mama alikuwa ameficha michembe ya kumvusha mwezi wa kwanza. Ilikuwa miaka ile ya foleni za bidhaa zilizoadimika. Wa rika langu hawahitaji kukumbushwa zaidi ya hapo.

Jenereta ya shule ilikuwa imenyamaza kwa kukosa dizeli, na prepo ya usiku ilikuwa karibu kufa. Mwalimu wa Jografia ndiye aliyeifufua. Saa moja jioni alitoka nyumbani kwake, nyumba ya shule iliyokuwa ng'ambo ya uwanja wa mpira, amebeba karabai yake mwenyewe. Aliiweka juu ya meza ya mbele, akamimina spiriti kwenye kikombe chake, akawasha, akangoja kichwa kipate moto. Hakuwa na haraka. Kisha alipampu taratibu mpaka kile kifuko cheupe cha kitambaa, ambacho kikishaungua hubaki majivu matupu na hupukutika ukikigusa, kikaanza kung'aa na taa ikavuma. Harufu ilikuja kwa mpangilio: kwanza spiriti, halafu mafuta ya taa, halafu vumbi la chaki lililopashwa moto na taa. Mpaka leo nikinusa mafuta ya taa nakumbuka mito ya Afrika na miji iliyo kwenye midomo yake.

Yale mafuta aliyapangia foleni yeye, katika duka la ushirika, pamoja na wazazi wetu. Nyumbani kwake, mkewe na watoto walibaki na koroboi. Sisi hatukulijua hilo wakati ule. Mkewe ndiye aliyetusimulia siku ya mazishi, na watu wazima wenye mvi waliinamisha vichwa.

Alichora ramani ya Afrika ubaoni bila kutazama kitabu, kuanzia Tanja, akishuka pwani ya magharibi hadi Rasi, kisha akipanda pwani yetu. Akifika Ziwa Viktoria hakulichora tu. Alitupeleka ufukweni Musoma, tukasimama kwenye mawe, akatueleza kwamba maji yale yamefunika karibu kilomita za mraba 69,000, lakini mahali penye kina kirefu kabisa hapafiki mita 100. Alituonyesha wavuvi wakitoa sangara na kutuambia kwamba samaki huyo aliletwa na watu ndani ya miaka ya 1950, na kwamba furu tuliowazoea utotoni wangekwisha. Tulidhani anatia chumvi. Leo tafuta furu wa zamani katika soko lolote la Bunda uone.

Nyuma ya darasa aliweka kipimamvua, na kila siku saa tatu asubuhi mwanafunzi wa zamu alikwenda kukisoma na kuandika daftarini. Sharti lake kuu lilikuwa hili: siku isiyo na mvua andika sifuri, usiache nafasi wazi, maana nafasi wazi haisemi kama mvua haikunyesha au wewe hukwenda. Aliyebuni tarakimu bila kwenda kwenye kipimo alipata adhabu kubwa kuliko mtoro. Fimbo ilikuwepo, siifichi, na siku nyingine ilizidi. Lakini muuguzi mmoja wa Manyamanyama, aliyefundishwa na mwalimu huyo katika shule ya mwisho aliyofundisha, alisema mbele ya waombolezaji kwamba hadi leo hajazi joto la mgonjwa bila kulipima, na kwamba alijifunza hivyo kwenye kipimamvua, kabla hajajua kuwa atakuwa muuguzi. Kituo cha afya cha hapo Manyamanyama tulichokijua zamani sasa ni hospitali. Ndani yake kuna wagonjwa wanaohudumiwa vizuri kwa sababu ya daftari la mvua ambalo hawajawahi kuliona.

Hilo ndilo jibu la swali la mpwa wangu, na inaudhi kwamba swali lenyewe lilihitaji kuulizwa katika mkoa huu. Mwaka 1934 mtoto wa Butiama aliingia Shule ya Mwisenge, Musoma, na mmoja wa waliomfundisha ni Mwalimu James Irenge. Mtoto yule akaja kufundisha yeye mwenyewe, kwanza St. Mary's Tabora, kisha Pugu, mpaka mwaka 1955 alipoacha kazi kwa ajili ya TANU. Aliongoza nchi zaidi ya miaka 20, na bado alitaka aitwe Mwalimu. Mzee Irenge alizeekea Musoma, na waandishi wa habari walimfuata awasimulie habari za mwanafunzi wake. Vizuri. Lakini walimfuata kwa sababu mwanafunzi wake alikuwa rais. Mwalimu ambaye wanafunzi wake ni wauguzi, mafundi na mahakimu, nani humfuata?

Mwenzangu niliyepeana naye zamu za kipimamvua aliingia ualimu kwa ajili ya mwalimu wetu wa Jografia. Kwa hiyo maisha ya ualimu ya miaka iliyofuata nayajua kupitia yeye. Miaka ya tisini mshahara wake haukufika mwisho wa mwezi. Mkewe aliuza maandazi, yeye akafundisha tuisheni jioni, akiumia moyoni kwa kutoza kile ambacho yeye alipewa bure chini ya karabai. Zikaja shule za kata, mwaka 2006 na kuendelea, jambo jema kwa watoto wetu, ila yeye alijikuta mwalimu pekee wa sayansi kwa mamia ya wanafunzi, akisaidiwa na vijana waliopewa mafunzo ya wiki chache. Ikaja elimu bila ada mwaka 2016, madarasa yakafurika. Sasa anakaribia miaka 60. Amefuatilia mabishano ya kikokotoo cha mafao ya kustaafu tangu asilimia 33 hadi 40, na bado anapiga hesabu kwenye karatasi kama kiinua mgongo kitamaliza paa la nyumba.

Naye hajawahi kuwa mkuu wa shule. Wenzake wengi wanapanga vyumba mjini, wanakuja na bodaboda asubuhi na kuondoka kengele ya mwisho ikilia, kwa sababu nyumba za walimu hazipo au zimeanguka. Siwalaumu. Ila nani atawasha taa ya prepo ikiwa hakuna mwalimu anayelala ng'ambo ya uwanja wa mpira? Tunajenga madarasa, tunayapiga picha, tunakata utepe. Nyumba ya mwalimu inasubiri awamu nyingine, na mwalimu mzuri anasubiri uhamisho. Wazee wetu walimjua mwalimu kwa sababu walipanga naye foleni moja na kuzika naye wafu wao. Mzazi wa leo anamjua kwa jina aliloliona kwenye ujumbe wa simu unaodai mchango.

Ofisi nyingi za wakuu wa shule zina ubao ukutani wenye majina ya wakuu wote tangu shule ilipofunguliwa, mmoja baada ya mwingine, na miaka yao. Wapo waliokaa mwaka mmoja tu na majina yao yapo. Mwalimu aliyefundisha hapo miaka 20, akatoa daktari na fundi na mchungaji, hayupo. Akistaafu hupewa mabati na keki, akifa hupewa dakika tano za wasifu, na miaka miwili baadaye mwanafunzi anayekalia dawati lile lile hajui kama aliwahi kuishi.

Kwa hiyo ninawaomba wakuu wa shule na bodi za shule za Bunda, Butiama na Musoma, na wa kwingineko watakaosoma haya: ongezeni ubao wa pili, wa walimu wote, na somo la kila mmoja na miaka yake, muutundike mahali wanafunzi wanapopita, si ofisini. Walio hai waiteni waje kuuona wenyewe wangali na macho. Majina yapo kwenye mafaili ya zamani na vichwani mwa wazee, na wazee wanapungua. Kopo moja la rangi na siku moja ya fundi wa maandishi vinatosha. Sisi wanafunzi wa zamani tupo, na gharama tutachanga.