KARATU NA NGORONGORO: BIMA HUKATWA KABLA YA SAFARI

Njia ya kutoka Arusha hadi Karatu ni kilometa kama 140, nayo ni ya lami. Msafiri hupita Makuyuni, akafika Mto wa Mbu penye ndizi nyekundu sokoni, kisha gari huanza kupanda ukuta wa Bonde la Ufa, kona baada ya kona. Tazama upande wa kushoto, utaliona Ziwa Manyara likimeta huko chini. Ukifika juu nchi imegeuka: udongo mwekundu, mashamba ya ngano na mahindi ya Wairaqw, vilima vya Rhotia, halafu mji wa Karatu. Mbele ya Karatu ni lango la Lodoare. Baada ya lango ni msitu, ukungu na baridi, mpaka ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro.

Watu wengi wa vijijini hutamani safari hii: kwaya, vyama vya akina mama, watoto wa shule na walimu wao. Ni jambo jema, maana si haki wageni watoke Ulaya kuja kuitazama nchi yetu na sisi tusiione. Basi kamati huundwa, hesabu hufanywa: gari ni kiasi gani, kiingilio ni kiasi gani, wali na nyama ni kiasi gani. Lakini jambo moja husahauliwa mara nyingi, nalo ni bima.

RHOTIA, MEI 2017

Kabla ya kufika Karatu, hapo Rhotia, kila dereva wa njia hii anapajua mahali pa huzuni. Jumamosi, tarehe 6 Mei 2017, basi la shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilikuwa likiwapeleka watoto wa darasa la saba Karatu kufanya mtihani wa kujipima na wenzao. Mvua ilikuwa imenyesha. Basi likaacha njia, likatumbukia korongoni. Walikufa watoto 32, walimu 2 na dereva. Watoto watatu waliokolewa, na Wamarekani waliokuwa wakipita njiani walikuwa miongoni mwa waliowasaidia. Mwezi uleule watoto hao walipelekwa kwa ndege hadi Sioux City, jimbo la Iowa, Marekani, wakatibiwa, na mwezi wa Agosti wakarudi nyumbani.

Huo ulikuwa wema mkubwa, nasi tunaushukuru. Lakini tuulizane kwa utulivu: je, ajali ya kesho ikitokea, nani atapita njiani? Wema wa watu huja wenyewe. Hakuna awezaye kuuagiza. Kinachoweza kuagizwa mapema ni bima.

MCHANGO NA BIMA

Wengine husema, “Sisi tuna mchango. Mtu akifiwa, kijiji kizima huchanga.” Kweli, nayo ni desturi njema, isiachwe. Tena mwenye kuujua mchango ameshaielewa bima nusu. Bima ni mchango pia. Tofauti ni kwamba mchango wa kijijini hutolewa baada ya msiba, na kiasi chake hutegemea mavuno ya mwaka huo. Bima hutolewa kabla, na watu wengi wasiojuana, na kiasi cha malipo kimeandikwa katika hati. Mchango hununua sanda na kulisha waombolezaji. Mara chache hufika kwenye karo ya yatima mwaka wa tatu baada ya mazishi.

GARI UNALOPANDA

Kwa sheria ya Tanzania, kila gari linalotembea barabarani lazima liwe na bima ya kuwalinda watu wengine. Gari la abiria wa kulipa nauli lazima bima yake iwahusu abiria hao pia. Kwa hiyo abiria aliyeumia ndani ya basi ana haki ya kudai fidia, ingawa yeye mwenyewe hakukata bima yoyote. Wengi hawaijui haki hii, na kwa kutoijua huipoteza.

Lakini haki hiyo inategemea mambo mawili. Kwanza, bima ya gari iwe haijaisha muda. Pili, iwe ni bima ya kubeba abiria kwa malipo. Gari dogo la mtu binafsi lililokatiwa bima ya matumizi ya nyumbani, kisha likakodishwa kwa kwaya, laweza kuleta mabishano makubwa siku ya kudai. Na yule anayedandia juu ya magunia katika lori akitoka mnadani, kwa kawaida hahesabiwi kuwa abiria hata kidogo. Ameokoa shilingi chache za nauli, ametupa ulinzi wake wote.

Basi kamati ifanye hivi. Kabla ya kutoa fedha ya kwanza, mwombe mwenye gari namba ya gari na hati ya bima. Kijana mwenye simu ya intaneti aihakikishe namba hiyo katika mfumo wa TIRA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania. Bima halali itaonekana hapo, pamoja na tarehe ya kuisha. Mwenye gari akikasirika kwa kuulizwa, tafuteni gari jingine.

BIMA YA KIKUNDI

Juu ya bima ya gari, kikundi chaweza kukata bima yake cha ajali kwa siku za safari tu. Nenda kwa kampuni ya bima, au kwa wakala au benki yenye leseni ya TIRA. Peleka orodha ya majina ya wasafiri na tarehe za kwenda na kurudi. Kisha uliza maswali manne, na majibu yawe katika maandishi: Mtu akifa, mnalipa kiasi gani, na kwa nani? Akipata ulemavu wa kudumu, mnalipa nini? Matibabu mnalipa mpaka kiasi gani? Na mambo gani hamlipi kabisa? Swali la nne ndilo kubwa. Usitoke pale bila hati na risiti. Nakala moja ya hati na orodha ibaki kijijini kwa mtu mwaminifu, maana karatasi iliyo mfukoni mwa majeruhi haimsaidii mtu.

UKIFIKA KARATU NA MBELE YAKE

Karatu ina hospitali ya Walutheri na hospitali ya FAME. Ndani ya Ngorongoro kuna kituo cha tiba cha Kanisa Katoliki huko Endulen. Lakini mtu aliyeumia vibaya huenda akahitaji kupelekwa KCMC, Moshi, zaidi ya kilometa 200. Kwa hiyo mwenye kadi ya bima ya afya asiiache sandukuni. Kadi isafiri na mwenyewe.

Pale Lodoare mtakutana na magari ya wageni. Wengi wao wamekata bima tangu kwao, hata ya kubebwa kwa ndege wakiugua porini. Zanzibar imeifanya bima kuwa lazima kwa wageni wa nje tangu tarehe 1 Oktoba 2024, kwa dola 44. Nasi tukienda Ulaya, kwa mfano kuhiji Roma, hatupati viza bila bima ya safari ya yuro 30,000 au zaidi.

Ukingoni, katika baridi ya mita 2,300 hivi, simama utazame. Kreta ina upana wa kilometa 19 hivi na kina cha mita 600. Nyumbu huonekana kama siafu. Ukingoni huko yuko kaburini Michael Grzimek, Mjerumani aliyehesabu wanyama wa Serengeti pamoja na baba yake. Alikufa tarehe 10 Januari 1959, ndege yake ilipogongana na tumbusi. Alikuwa rubani hodari, lakini ajali haichagui.

Mabasi makubwa hayashuki ndani ya kreta, ila magari yenye nguvu katika magurudumu yote manne. Mkikodi gari la pili hapo, kumbukeni kuwa nalo lina bima yake. Ulizeni upya.

AJALI IKITOKEA

Toeni taarifa polisi, na majeruhi apate fomu ya PF3. Tunzeni tiketi na risiti zote za dawa. Iarifuni kampuni ya bima mapema, msingoje arobaini ipite. Kampuni ikikataa bila sababu ya haki, iko ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima ya kusikiliza malalamiko.

Bima haifungi breki wala haimrudishi marehemu. Dereva mlevi ashushwe, na mwendo wa kasi ukemewe, hata kama hati ya bima iko mfukoni. Lakini baba au mama anayepanda gari kwenda kuwaona simba wa Ngorongoro ameacha watoto nyumbani, na chakula chao na karo yao vyamtegemea yeye. Kwa ajili yao, hesabu ya safari ianze na bima, ndipo ije ya wali na nyama.